Naomba ushauri: nimfundishe binti yangu Kiingereza kwa mizizi ya maneno?

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Mkoani, Pemba, na binti yangu yupo kidato cha pili. Msamiati wa Kiingereza anaukariri usiku, asubuhi umeshamtoka. Juzi nikamwandikia nyuma ya daftari "import", "export", "transport" na "portable", tukapigia mstari herufi nne zile zile: port. Kwa Kilatini portare ni kubeba. Macho yakamng'aa, mwenyewe akasema, "Kumbe kama kitabu, katibu na maktaba!"

Kisha akaniletea "port" ya bandari na "opportunity". Hizo zatokana na portus, bandari. "Opportunity", yaani fursa, kwa asili yake ni upepo unaokipeleka chombo bandarini. Hilo, sisi watu wa bahari, halikutushinda. Lakini "portrait", picha ya mtu, haimo kabisa katika ukoo huo, herufi zimegongana tu. Akavunjika moyo, akafunga daftari.

Walimu na wazazi mliopita njia hii, mlimpa mtoto mizizi mingapi kwa wiki? Na maneno kama hilo la mwisho mliyaonesha mapema, au mlisubiri kwanza azoee? Sitaki aichukie njia aliyokwisha kuipenda.