Mwanga wa dereva wa bajaji haufuatani na barabara iliyo nyuma yake

Mpigapicha wa Tabata
Habari zenu wakuu. Tunarekodi tamthilia yenye onyesho la dereva wa bajaji anayetoka Ubungo kwenda Magomeni usiku. Bajaji tumeiingiza studioni mbele ya kitambaa cha kijani, na video ya Barabara ya Morogoro inaunganishwa papo hapo kwenye kompyuta, ikichukua nafasi ya kijani, ili mwongozaji aone picha kamili. Taa mbili za LED zinazomwangaza mwigizaji zinaendeshwa kwa DMX (mfumo wa kidijitali wa kutuma amri kwa taa) na kuchukua rangi kutoka kwenye video hiyohiyo. Rangi zinalingana, lakini uso bado unaonekana umebandikwa. Tumekosea wapi?

FundiTaa
Ndugu, mnachukua mwanga kutoka upande usiomwangaza. Kamera yenu ikiwa mbele ya bajaji, video iliyo nyuma inaonyesha yale ambayo dereva ameshayapita. Barabarani, taa ya mtaani humulika kwanza paji la uso, hupita juu ya turubai, ndipo ikaonekana nyuma ya bega lake. Kwenu inaonekana nyuma kwanza, kisha uso ndio unang'aa. Mtazamaji hataweza kuitaja kasoro hiyo, ila ataihisi.

Rudini barabarani na kamera mbili katika safari moja, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma, na mgonge viganja mara moja mwanzoni, sauti isikike kwenye kamera zote mbili, ili mzioanishe. Video ya mbele iendeshe taa, ya nyuma iende kwenye kijani. Tena, taa mbili huwaka na kuzima tu, wakati mnachotaka ni mwanga unaosafiri. Pangeni taa za mirija sita juu ya bajaji, kutoka kioo cha mbele hadi kiti cha abiria, zote zikisoma ukingo wa juu wa video ya mbele, kila moja ikichelewa kidogo kuliko iliyoitangulia. Chaneli, yaani njia za kupeleka amri kwa taa, zitatosha, maana mstari mmoja wa DMX una 512.

Dada wa Kinondoni
Naongeza jambo moja. Kamera na kompyuta nazo huchelewesha picha. Wekeni fremu moja nyeupe (fremu ni picha moja kati ya zile zinazounda video) kwenye video zote mbili kwa wakati mmoja, rekodini picha iliyounganishwa, kisha hesabuni fremu kati ya weupe wa nyuma na weupe wa shavuni. Idadi hiyo ndiyo ya kuichelewesha video ya nyuma. Taa za kitambaa zisiguswe kabisa, kwa sababu kijani kikibadilika, programu haitakiondoa vizuri. Msogezeni dereva mbali nacho kadiri studio inavyoruhusu.

Mpigapicha wa Tabata
Asanteni sana. Nimefanya jaribio la fremu nyeupe jioni hii: shavu limechelewa fremu 4, na kwa kuwa tunarekodi fremu 25 kwa sekunde, hizo ni milisekunde 160. Nilipoichelewesha video ya nyuma kwa kiasi hicho, weupe ulitua pamoja pande zote mbili. Kesho usiku tunarudi Ubungo na kamera ya pili.