Injini ya dizeli ya pampu kuukuu kuendesha msumeno

Swali: Nina injini ya silinda moja iliyotolewa kwenye pampu ya maji, imekaa miaka mingi nje. Haizunguki kabisa. Nataka iendeshe msumeno kwa mkanda na puli. Nianzie wapi?

Jibu: Usiilazimishe kwa hendeli, ringi za pistoni zilizoshikwa na kutu zitavunjika. Fungua nozeli (inayopuliza dizeli ndani ya silinda), mimina vijiko vichache vya dizeli na oili nusu kwa nusu kupitia tundu lake, acha saa 24, kisha tikisa flaiwili (gurudumu zito la injini) huku na huku kwa mkono. Ikilegea, izungushe nozeli ikiwa bado nje mpaka majimaji yote yaruke. Yakibaki juu ya pistoni hayashindiliki, yatapinda konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kreki). Badilisha pia oili ya injini iliyo chini.

Jibu: Naongezea, na hili ni la usalama: kagua reki ya pampu ya dizeli (kijiti kinachopunguza na kuongeza dizeli) kama inateleza. Ikikwama wazi, injini itapanda kasi hadi ipasuke. Weka karibu ubao wa kuziba mdomo wa hewa, kamwe si kiganja.

Jibu: Puli: injini mizunguko 2200 kwa dakika, msumeno 3300? Weka puli ya kipenyo 150 mm kwenye injini, 100 mm kwenye msumeno. Usizidishe kasi iliyoandikwa kwenye diski ya msumeno.