Flying Lotus: amebebwa na ukoo wa Coltrane au na kazi yake mwenyewe?

Mleta mada
Wadau, naomba mchango wenu kuhusu Steven Ellison wa Los Angeles, mtayarishaji wa muziki anayefahamika zaidi kama Flying Lotus. Nimemsikiliza kwa kurudi nyuma, kuanzia Flamagra ya 2019 hadi 1983, albamu yake ya kwanza iliyotoka 2006 na kupewa jina la mwaka aliozaliwa. Kila ninapomtaja, naambiwa kwamba asingefika popote kama Alice Coltrane, mpiga kinubi na piano maarufu wa jazi, asingekuwa dada wa bibi yake. Je, ni kweli?

Mchangiaji wa kwanza
Undugu huo ni wa kweli, na bibi yake mwenyewe, Marilyn McLeod, alishiriki kutunga wimbo wa Love Hangover ulioimbwa na Diana Ross. Hata hivyo, watu wengi walimsikia kwa mara ya kwanza bila kulijua jina lake, kupitia vipande vifupi vya muziki vilivyopigwa kati ya vipindi vya Adult Swim, matangazo ya usiku ya katuni za watu wazima katika runinga ya Marekani. Baadaye lebo ya Warp ya Uingereza, iliyojijengea heshima katika muziki wa elektroniki, ilimchukua na kutoa albamu yake ya Los Angeles mwaka 2008. Ngoma zake za hip hop, ambazo kwa makusudi haziangukii sawasawa kwenye mapigo, zilikuwa zikichezwa pia katika Low End Theory, usiku wa klabu jijini Los Angeles, na hadhira ya pale haikuja kutafuta ukoo wa mtu.

Mchangiaji wa pili
Ninakubaliana nawe kuhusu mlango alioingilia, lakini ukoo unasikika ndani ya nyumba. Sikilizeni Cosmogramma ya 2010, iliyofuata kifo cha mama yake: kuna kinubi, kuna ala za nyuzi zilizopangwa na Miguel Atwood-Ferguson, na kuna saksafoni ya Ravi Coltrane, mtoto wa Alice. Sauti za mashine alizozirekodi hospitalini, mama yake akiwa amelazwa, zimo pia katika albamu hiyo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo alipoacha kuwa fundi wa midundo tu, kwa sababu kompyuta na wapigaji wa jazi wanaongozana kwa zamu, na si rahisi kusema nani anamfuata nani.

Mchangiaji wa tatu
Mnaisahau Brainfeeder, lebo aliyoianzisha 2008, ambayo mimi ninaiona kuwa kazi yake kubwa kuliko albamu yoyote. Ndiyo iliyotoa kazi za Thundercat, mpiga besi wake wa karibu, na The Epic ya mpiga saksafoni Kamasi Washington mwaka 2015, albamu ya jazi ya karibu saa tatu ambayo lebo nyingi zingesita kuigusa. Mwaka huohuo alishiriki kutayarisha Wesley's Theory, wimbo unaofungua To Pimp a Butterfly, albamu ya rapa Kendrick Lamar. Filamu yake ya Kuso sikuimaliza, lakini muziki alioutungia mfululizo wa katuni wa Yasuke wa 2021, unaomhusu samurai Mwafrika, unastahili kusikilizwa. Mleta mada akitaka kusikia haya yote pamoja, achukue You're Dead! ya 2014: haifiki dakika 40, na ndani yake wamo mpiga piano wa jazi Herbie Hancock na Kendrick.