Huyu Koufax namba 32 ni nani, na mbona aliacha akiwa na miaka 30?

mtumba_malindi: Jamani wadau, nimeokota jezi ya Dodgers, timu ya besiboli ya Marekani, mitumbani hapa Malindi, mgongoni Koufax 32, nikaivaa, mzee mmoja mtalii akanisimamisha ati huyo ndiye mrushaji bora aliyewahi kumuona ila aliacha besiboli na miaka 30 tu. Mimi najua futboli, besiboli sijui. Mtu yuko juu anaachaje? Alifukuzwa ama pombe?

shoto_shela: Pombe wapi! Mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpigaji mwenye gongo. Sandy Koufax ni kijana wa Brooklyn, New York, shoto, kaingia Dodgers 1955 na miaka 19. Kulikuwa na sheria, ukisajiliwa kwa bonasi ya zaidi ya dola 4,000 lazima ukae timu kubwa miaka miwili, na yeye alipewa 14,000, basi hakuna kupelekwa timu ndogo kujifunza, kajifunzia mbele za watu huku akisugua benchi. Miaka sita ya kwanza kashinda mechi 36 kapoteza 40. Mpira una kasi lakini haujui uendako 😂 1961 mdakaji wake, yule anayeidaka mipira yake, Norm Sherry kamwambia punguza nguvu bwana, na mwaka huohuo katoa wapigaji 269 kwa straiki, yaani mpigaji akipata straiki tatu, kama kuukosa mpira, anatoka; ikawa rekodi ya National League, moja ya ligi mbili kuu za Marekani. 1965 wakafika 382, na mwezi wa tisa Chicago Cubs wakaja wapigaji 27 wakarudi 27, hata mmoja hakukanyaga besi, kile kituo cha kukimbilia.

bint_langoni: Mimi nampendea jambo lengine. Koufax ni Myahudi, na fainali za 1965, mechi ya kwanza iliangukia Yom Kippur, siku yao kubwa ya kufunga, akasema hachezi, na hakucheza. Badala yake karusha mwenzake Don Drysdale, wakapigwa 8-2. Sisi wa Lamu hilo hatuelezwi mara mbili, nani hapa aingie uwanjani Idi imemkuta? Halafu mechi ya saba, ya mwisho, Koufax kapumzika siku mbili tu, mkono unauma, kashinda 2-0.

mtumba_malindi: Sasa si angevumilia hata mwaka mmoja?

shoto_shela: Kisugudi kiliingia baridi yabisi ndugu yangu. Sindano za kotizoni, dawa ya kupunguza uvimbe, vidonge, mkono kwenye maji ya barafu kila akimaliza mechi. 1966 analipwa dola 125,000, kashinda mechi 27, na Novemba akaaga, manake alitaka abaki na mkono wa kutumia maisha yake yote yaliyobaki. Mimi namuona ana akili kuliko wanaomlaumu.

nahodha_mstaafu: Akili sawa, lakini hiyo "bora" mnaigawa kama halua ya harusini. Mrushaji Warren Spahn naye shoto, vita vya pili vya dunia vikamla misimu mitatu, na bado kashinda mechi 363, karusha mpaka 1965 na miaka 44. Koufax 165. Hesabuni wenyewe.

shoto_shela: Mzee, Spahn namheshimu, ila mechi moja ya kufa na kupona nampa Koufax mpira.