Kaka ametoka kuvuja damu, mbona anachomwa dawa ya kuzuia isigande?

DadaMtu: Habari za jioni wanajukwaa. Kaka yangu alipata ajali ya gari: nyonga imevunjika, paja pia, na wengu ulichanika kidogo. Alivuja damu hadi akaongezewa. Sasa kila asubuhi na jioni anachomwa sindano tumboni, eti ya kuzuia damu isigande. Jamani, si tutarudi kulekule? Nataka kuwaambia waache.

ZamuYaUsiku: Pole sana dada. Mimi ni muuguzi wa wodi ya majeruhi, na hofu hiyo naikuta kwa ndugu wengi. Usiwaambie waache.

Mtu akiumia vibaya, mwili huamsha nguvu zote za kugandisha damu ili asiishiwe. Baadaye nguvu hizo huendelea hata pasipotakiwa. Ongeza mguu usiosogea na mishipa iliyojeruhiwa na mfupa: bonge hujijenga kimyakimya kwenye vena za paja au nyonga, na likichomoka hupitia moyoni likaenda kuziba mshipa wa mapafu. Tena mguu si lazima uvimbe. Utafiti wa Toronto uliochapishwa 1994 uliwapiga picha za mishipa majeruhi 349 wasiopewa dawa ya kuzuia mabonge. 201 walikutwa na mabonge miguuni, na karibu wote hawakuwa na dalili yoyote!

Lakini hawachomi kiholela. Husubiri uvujaji utulie, presha isimame, kiwango cha damu kisishuke. Kwa wengi hilo huwa ndani ya siku moja au mbili. Aliyeumia kichwa hurudiwa kwanza picha ya CT. Wakati wa kusubiri huvalishwa mifuko ya hewa inayobana miguu na kuachia (kama haijavunjika, bila shaka). Na dozi ya kinga ni ndogo kuliko ya kutibu bonge.

Kinachoniudhi mimi ni dozi kurukwa. Mgonjwa anapelekwa upasuaji, sindano ya asubuhi inasogezwa, zamu inabadilika, basi imepotea. Hapo ndipo ndugu anasaidia: uliza kila siku kama amechomwa, na kama hapana, kwa nini. Uliza na hali ya figo, maana enoksaparini, dawa inayotumika sana kwenye sindano hizo, huondolewa mwilini na figo. Zikiwa dhaifu hupewa heparini ya kawaida, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande.

Mkongojo: Mimi nilivunjika paja nikapewa aspirini tu. Hizo sindano za nini?

ZamuYaUsiku: Hukuonewa, kaka. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya wagonjwa 12,211 waliovunjika mifupa, Marekani na Kanada. Vifo havikutofautiana kati ya aspirini na enoksaparini, ila mabonge ya miguuni yalizidi kidogo kwa aspirini. Kwa nyonga, paja na wengu kwa pamoja, mimi nisingewabishia wanaochagua sindano.

DadaMtu: Asante sana, nimeelewa. Nikikaa naye niangalie nini?

ZamuYaUsiku: Pumzi kumbana ghafla, kifua kuchoma akivuta hewa, kukohoa damu, mguu mmoja kuvimba. Upande wa kuvuja: tumbo kujaa na kuuma, kupauka, jasho la baridi, choo cheusi. Ukiona lolote, ita muuguzi saa hiyohiyo, usingoje raundi. Na wakiruhusu akalishwe kitandani, msimhurumie akabaki amelala.