Naomba ushauri: binti yangu wa miaka 10, nimpeleke Goju, Shotokan au judo?

BabaNeema
Habari za jioni wakuu. Binti yangu ana miaka 10, tangu likizo ya Desemba kashikilia anataka karate, nimekubali ila nimekwama kwenye kuchagua. Huku kwetu Dar kuna dojo (ukumbi wa mazoezi) ya Goju-ryu, kuna ya Shotokan, zote mbili ni mitindo ya karate, na judo ipo ila ni daladala mbili. Nimezunguka kote kuuliza, kila mwalimu anasema ya kwake ndo ya asili, mmoja akaniambia kabisa karate ni ya masamurai tangu enzi na enzi. Sitaki mtoto aanze kwa hadithi za uongo, halafu ni mwembamba, anaogopa kuumia japo hasemi. Wenye uzoefu nisaidieni.

MkandaKahawia
Mkuu hiyo ya samurai sio kweli. Samurai walikuwa na upanga, upinde, mkuki na jujutsu, yale mapigano ya Kijapani ya kukamatana na kuangushana. Karate imetoka Okinawa, visiwa vilivyokuwa ufalme wa Ryukyu wenye mfalme wake mpaka Japani ilipovichukua rasmi 1879. Walikuwa na mapigano yao wanayaita te, wakachanganya na ya Wachina maana meli za Okinawa zilikuwa zinaenda Fuzhou, mji wa bandari huko China, kila mara kwa biashara, na hata jina karate mwanzo liliandikwa kwa herufi za "mkono wa China", baadae ndo likawa "mkono mtupu". Tokyo iliingia 1922, aliyeionyesha ni Funakoshi Gichin, mwalimu wa shule kutoka hukohuko Okinawa. Alikuwa anaandika mashairi kwa jina la Shoto, kwahiyo Shotokan ni nyumba ya Shoto basi.

DadaWaNaha
Nimecheza Goju miaka 8. Maana yake ni gumu na laini, ni ya Miyagi Chojun wa mji wa Naha, Okinawa, na mwalimu wake Higaonna Kanryo alienda kujifunza Fuzhou. Sisi tunapigana karibu karibu, mikono inazunguka, pumzi unaisikia kabisa. Shotokan wanashuka chini, miguu mipana, ngumi inanyooka kutoka mbali. Mwembamba anaweza zote kaka yangu. Ila kuna kata (mfululizo wa mbinu uliopangwa) yetu inaitwa Sanchin, mwalimu anakupiga mabegani na mgongoni kupima kama umekaza mwili, ukiona anamfanyia hivyo mtoto wa miaka 10 kwa nguvu mchukue muondoke.

MtuWaMkeka
Kwa mtoto anayeogopa kuumia mimi nasema judo, bila kusita. Kano Jigoro, mwanzilishi wa judo, mwenyewe alikuwa mdogo wa mwili, anaonewa shuleni, ndo akatafuta walimu wa jujutsu, akasoma Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu, 1882 akiwa na miaka 21 akafungua shule yake ya judo, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji pale Tokyo, mikeka 12 tu. Mbinu za kuvunja na kupiga akaziacha kwenye kata, kwenye mazoezi ya kushindana akabakiza kuangusha, kubana, kukaba na kukunja kiwiko, ndo maana unamwangusha mwenzako kwa nguvu zote na kesho mnarudi wote. Wiki za mwanzo ni kuanguka tu, kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka. Hiyo itamsaidia hata akiteleza bafuni. Na madaraja ya dan ya mkanda mweusi yalianzia kwa Kano, karate waliyachukua kwake.

BabaNeema
Asante sana. Ila kaka hapo kwenye kukaba shingo nimeshtuka.

MtuWaMkeka
Kwetu watoto hawakabani wala hawakunjani viwiko, hiyo ni ya wakubwa. Uliza kabla hujalipa.

DadaWaNaha
Judo nzuri siikatai, ila daladala mbili mara tatu kwa wiki na mtoto anasoma? Mwezi wa pili ataacha. Nenda ukae pembeni saa nzima uangalie, mwangalie yule aliyeanza juzi wanamshikaje.

BabaNeema
Nimekuelewa dada. Jumamosi tunaenda kuangalia Goju, Jumapili tunapanda hizo daladala mbili tukaone judo. Nimemsimulia Neema habari ya Kano kuonewa shuleni, kakaa kimya muda, halafu ananiuliza baba, hiyo ya kuanguka wanaanza kufundisha siku ya kwanza?