Jamaa wa mazoezi wodi ya mifupa, eti "chuma hakiumi"!!

Wakuu nipo nje ya wodi hapa mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Mama yangu ana miaka 68, juzi kafanyiwa upasuaji wa goti, la kwake lilishasagika wakalichonga wakamvika la bandia. Operesheni safi, dokta safi, sina neno. Leo asubuhi sasa ndo kaja huyu bwana, mliopita hii wodi mnamjua sina haja ya kumtaja, yule wa kandambili za kijani anayetembea kama hospitali kajenga babu yake. Shikamoo hana, simu kaibana na bega anajadili michango ya kamati ya harusi, huku kashika mguu wa mama yangu anaukunja kama anakunja kiti cha msibani. Mama kapiga yowe hadi muuza ndizi wa getini kadondosha beseni. Jamaa hata simu hakushusha, anamwambia "bibi acha kudeka, goti lenyewe siyo lako, hilo chuma, chuma hakiumi."

CHUMA HAKIUMI!!! Kwa mama yangu! Mwanamke kazaa watoto saba huko Korogwe hakuna jirani aliyesikia hata "uwii", leo anaambiwa anadeka na mtu anayedaiwa elfu hamsini ya kamati (nilisikia, simu ilikuwa laudi).

Mzee wa Gongo Moja: Hahahaha namjua!! Mimi aliniambia nyonga yangu ya bandia ina umri mdogo kuliko mtoto wake, niiheshimu

Dada Plasta: Mleta uzi punguza jazba. Goti bandia lisipokunjwa mapema linakakamaa, mtakuja kulia baadaye. Wanasimamishwa kesho yake tu, wengine siku hiyohiyo. Lengo la mwanzo ni lifike digrii 90 aweze kukaa kwenye kiti kama mtu. Halafu niambie ukweli, mmemuwekea mto chini ya goti?

Mleta uzi: Mto upo ndiyo, anapata nafuu. Ila dada hoja siyo kukunja, akunje tu, hoja ni CHUMA HAKIUMI

Dada Plasta: TOA MTO. Goti linazoea kupinda halafu halinyooki. Barafu weka, mto hapana

kiberiti_tupu: Sasa hapo nani anamtesa mama, jamaa au wewe na mto wako 😂😂

Fundi Welding: Kitaalamu jamaa yuko sahihi, chuma hakiumi, kinachouma ni nyama walizochana

Mleta uzi: We fundi ntakufata huko huko

Mwana wa Marehemu Bajaji: Ndizi zilidondoka kweli au hii chai?

Mleta uzi: Beseni zima! Na kabla hajatoka karudia tena kwa yule mama wa kitanda cha pili, "chuma hakiumi", ashaifanya salamu

Mama Wawili: Nyie mna bahati mna mtu wa mazoezi. Sisi bima ilisema goti inalipa, gongo la miguu minne tujinunulie. Nje ya geti ukionekana tu una sura ya mgonjwa bei inapanda, nilimtuma kijana wa bodaboda akapata kwa nusu

Mzee wa Gongo Moja: Magongo tisa, kumi ni choo. Nimerudi nyumbani nina choo cha kuchuchumaa na dokta kakataza kuchuchumaa. Nimekata kiti cha plastiki katikati. Wajukuu wanakiita kiti cha enzi

kiberiti_tupu: Mzee picha tafadhali

Mama Wawili: Na zile sindano za tumboni za kuzuia damu kuganda, mume wangu alikuwa anazikimbia na gongo lake, ndo yakawa mazoezi

Mwana wa Marehemu Bajaji: Mi kero yangu lifti. Wodi ya mifupa ipo juu lifti mbovu, nani aliwaza hivi?

Fundi Welding: Kero lifti? Hujanywa supu ya kantini wewe. Nyama ukiiona ni ya jana imekuja kuaga

Dada Plasta: Supu siyo mbaya kama ile chapati

Mzee wa Gongo Moja: Chapati ile ingekaa vizuri kwenye nyonga

Mleta uzi: Jamani, mama yangu lakini

kiberiti_tupu: Chapati bei gani siku hizi?